Jibu kwa msomaji wa Langoni: tumpe mgeni sauti ya bibi?

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mtaa wa Langoni, Lamu. Kuna kijana amekuja na simu, anasema mradi wao unatafuta wazee wa kuzungumza Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, ili kuifundisha akili unde, na wanalipa kwa saa. Anamtaka bibi yangu, ambaye mbali na hadithi zake ni mwimbaji wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, anayejulikana mji mzima. Ndugu yangu amekasirika. Anasema huko ni kuuza mji, na kwamba hili ni jambo la usalama wa kitamaduni wa taifa, si la kuamuliwa na sisi barazani. Mimi naona bora sauti ibaki kuliko izikwe naye. Na binti yangu wa gredi ya 7 siku hizi akiambiwa aandike kuhusu Lamu haulizi mtu, anaiuliza simu. Tufanye nini?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Mpe bibi salamu zangu za heshima, na nduguyo mwambie hasira yake nimeielewa. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Msimfukuze huyo kijana, lakini bibi asitamke neno mbele ya simu yake mpaka muione karatasi ya makubaliano na kuisoma yote. Mkikubali, kubalini mazungumzo na hadithi peke yake. Nyimbo za vugo zisiingie.

Mashine hizi za akili unde (wengine huziita akili mnemba, jina lisitushughulishe) zimefundishwa kwa kulishwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa yakiwa ya intaneti. Ukiiuliza swali, inatunga jibu kipande kwa kipande, kila mara ikiteua kile kinachoelekea zaidi kufuata, kwa kadiri ya ilivyovisoma. Kwa hiyo lililoandikwa mara nyingi ndilo linalosemwa. Humo ndani Kiingereza ni bahari na Kiswahili ni kisima, na maji mengi ya kisima hicho ni Kiswahili sanifu cha magazeti, hotuba na tafsiri. Kiamu ni tone.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Nilimrekodi mama mmoja wa Shela akinisimulia harusi aliyohudhuria, kisha nikaipa programu moja ile sauti inigeuzie maandishi, maana kuandika kwa mkono saa nzima ya mazungumzo ni kazi ya siku mbili. Yule mama alisema: "Yana niliteka hata mato yakanitoka matozi." Wewe umeshamwelewa: jana alicheka mpaka macho yakamtoka machozi. Programu ikaandika: "Jana nilitekwa hata watoto wakatoka." Mama aliyecheka harusini amegeuzwa mtu aliyetekwa nyara. Nimesikiliza kipande kile mara nyingi, na sauti iko wazi kama maji ya mtungini. Mashine imesikia sauti isiyoizoea, ikaivuta kwenye neno inalolijua.

Kuna kosa la pili, la hatari zaidi kwa sababu linafanana na ukweli. Ukiiomba programu iandike Kiamu, hushika kanuni moja iliyoiokota mahali kwamba "ch" ya sanifu kwetu ni "t", na "j" ni "y". Basi inaandika "mato" na "moya", unafurahi, kisha inakuandikia "takula". Hakuna mtu wa Amu aliyewahi kula takula. Chakula kwetu ni chakula, na vikiwa vingi ni zakula, kwa sababu "ch" hiyo imetokana na kiambishi "ki" kilichokutana na irabu, nayo haina ujamaa na "ch" ya macho. Bibi yako hakufundishwa kanuni hiyo na mtu, ila neno lile likimgonga sikio atacheka papo hapo. Mtoto wa Nairobi anayetaka kujua Kiamu kilivyo hatacheka. Ataandika takula kwenye insha yake, insha itawekwa mtandaoni, na mashine ijayo itaisoma kama ushahidi.

Hapo ndipo ninapoiona hatari yenyewe. Utamaduni haukosi kukosewa, umekosewa tangu zamani. Lakini aliyekosea alikuwa mtu, ana jina, na mwenye kujua aliweza kumwambia "sivyo". Mashine inakosea mbele ya watoto elfu kwa wakati mmoja, kila mmoja chumbani mwake, na bibi hayumo katika chumba hata kimoja.

Sisi wa mwambao wa kaskazini jambo hili tunalijua kabla ya wengine. Kiswahili sanifu kilipochaguliwa, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua msingi uwe Kiunguja, na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya kukisanifisha kwa nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Mwingereza. Kiamu, lugha ambayo Mwana Kupona alimwandikia bintiye wosia wake mwaka 1858, kilibaki nje ya darasa. Nikiwa mtoto nilimsikia mwalimu akimwambia mwenzangu kwamba "nti", yaani nchi, si neno. Lilikuwa neno la babu yake na babu wa babu yake. Yule mwenzangu hakuacha kulitumia nyumbani, ila aliacha kulitumia mbele ya watu, na wanawe leo hawalijui kabisa. Simlaumu mwalimu, naye alifundishwa hivyo. Ninachosema ni kwamba akili unde inaifanya kazi ile ile ya kusawazisha, kwa kasi kubwa zaidi, na bila kamati ambayo ungeweza kuiandikia barua.

Tena usidhani ni lugha tu. Muulize binti yako aiulize simu nani aliujenga mji wa Lamu na ndugu zake wa Pate na Manda. Mara nyingi nimepata jibu la kwamba Waarabu walikuja wakajenga miji, wenyeji wakawa wasaidizi. Hiyo ni hadithi ya vitabu vya wakoloni. Uchimbaji wa Mark Horton kule Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulionyesha makazi ya wenyeji ya karne ya 8, udongo na miti, na msikiti mdogo wa miti chini ya misikiti ya mawe iliyofuata. Mji ulikua kutoka ndani, ukasilimu, ukafanya biashara, ukaoa na kuozwa na wageni. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 nao ulionyesha kwamba wazee wa pwani waliozikwa karne nyingi zilizopita wana nasaba iliyochanganyika, upande wa kikeni ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa kiumeni ukiwa na damu nyingi ya Uajemi.

Kwa nini mashine inarudia ya zamani? Kwa sababu ambayo watu hawaifikirii: vitabu vya wakoloni vimepitwa na muda wa hakimiliki, vimepigwa picha, viko wazi kwa yeyote. Utafiti mpya mwingi umefungiwa kwenye majarida ya kulipia, na tasnifu nyingi za Wakenya ziko kwenye rafu za vyuo. Basi aliyekufa miaka 80 iliyopita anasomwa na mashine kuliko aliye hai. Kila ninapolifikiria hili naumia, kwa sababu dawa yake tunayo mkononi: tuandike, na tuyaweke wazi yale tunayotaka yajulikane.

Sasa nirudi kwa nduguyo na neno lake la usalama wa kitamaduni. Neno hilo linatumika kwa namna mbalimbali. China mwaka 2014 iliuingiza utamaduni katika orodha ya mambo ya usalama wa taifa, pamoja na siasa, ardhi na jeshi. Ufaransa tangu miaka ya 1990 imeshikilia kwamba filamu na muziki visiachiwe soko huria kama mchele. Kenya haina sheria yenye jina hilo, lakini kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze na kulinda wingi wa lugha za watu wa Kenya, Kiamu kikiwemo. Mpango wa taifa wa akili unde uliozinduliwa Machi 2025 nao umeifanya data kuwa nguzo mojawapo kati ya tatu. Kwa hiyo nduguyo hakosei kusema ni jambo la taifa.

Ila nakataa maana moja ya neno hilo, ile ya kufunga mlango. Mji wetu haukulindwa hivyo. Mwanazuoni Habib Saleh alikuja kutoka Comoro, na leo watu wa Afrika Mashariki nzima wanakuja kwenye msikiti wake wa Riyadha kwa maulidi. Mawimbi yameleta maneno, mapishi, michoro ya milango, na tumeyafanya ya kwetu kwa sababu palikuwa na fundi wa mji aliyeamua kipi kiingie na kwa sura gani. Huyo fundi ndiye wa kulindwa.

Na hapa kuna mtu wa kukumbukwa. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi wa Lamu, mchonga milango, mpiga ala, na mwandishi wa khati nzuri kupindukia. Wataalamu wa Ulaya walimjia, wakamlipa, naye akawanakilia tenzi za kale. Nyingi ziko London mpaka leo, chuoni SOAS, nyingine Ujerumani. Ni hasara kwamba mtoto wa Lamu lazima azitafute ughaibuni. Lakini zimeokoka, na mkono ni wa Kijuma, kila mtu anajua ni wa Kijuma. Washairi wetu wa kale walikuwa na desturi ya kufunga utenzi kwa kutaja hesabu ya beti, mwaka, na pengine jina na nasaba. Aliyefanya hivyo alikuwa anakuambia: ukitaka kunirekebisha, mimi ni nani na nilikuwa lini.

Akili unde inameza beti na kutema beti, na jina linapotea tumboni. Hilo ndilo jipya. Nakala za msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa msaada wa programu ya maktaba ya taifa ya Uingereza, na yeyote anaweza kuzitazama mtandaoni, nami niliunga mkono kazi hiyo kwa moyo mweupe, kwa sababu kila ukurasa unajulikana ni wa wapi. Mtu akikopi, anakopi kitu chenye kwao.

Linganisha na vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliofariki, vya ndugu zetu Wamijikenda, huko Kilifi na Malindi. Viling'olewa mahali viliposimikwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwenye makumbusho za Marekani kama sanaa ya kutazamwa. Ulikuwa wizi wa mizimu ya watu. Lakini kigango kina umbo, unaweza kukihesabu na kukidai. Jumba la makumbusho la Denver lilivirudisha 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Sauti ya bibi yako ikishayeyushwa ndani ya mashine, hakuna kigango cha kurudishwa. Sheria yetu ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote, na faili ya sauti inaweza kufutwa. Kile ambacho mashine imeshajifunza hakitolewi kama mwiba.

Kwa hiyo karatasi ya kijana isomwe kabla, si baada. Tafuteni humo majina: ni nani hasa atakayeimiliki sauti, maana huyo kijana ni wa kati tu. Ulizeni kama mtapewa nakala kamili. Ulizeni kama jina la bibi litaambatana na sauti au litafutwa, na yeye mwenyewe anataka lipi. Ulizeni waziwazi kama sauti inaweza kutumiwa kutengeneza sauti bandia inayofanana na yake, kwa sababu siku hizi rekodi fupi inatosha, na sitaki siku moja mjukuu aliyeko Mombasa apigiwe simu na "bibi" akiomba atumiwe pesa. Kama fomu imeandikwa kwa Kiingereza peke yake, irudisheni. Mtu haridhii asichokisoma. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, mna haki ya kupeleka swali kwa ofisi ya kamishna wa data.

Soma pia sehemu ya leseni. Kuna miradi mizuri, kama ule wa Mozilla wa kukusanya sauti, inayotoa kila kitu kwa leseni ya kuachilia haki zote: yeyote duniani achukue, afanye atakalo. Nia yao ni njema na Kiswahili kimefaidika. Lakini kuna njia nyingine. Wamaori wa Nyuzilandi wana kituo cha redio kaskazini mwa nchi, Te Hiku Media. Mwaka 2018 waliwaita watu wao wasome sentensi, na kwa siku 10 wakapata zaidi ya saa 300 za lugha yao. Kwa sauti hizo wakatengeneza wenyewe programu ya kusikia Kimaori na kukiandika. Kampuni za nje zilipotaka kuzichukua, wakakataa, wakaandika leseni yao yenye jina la Kimaori lenye maana ya ulezi: data ni ya watu, kituo ni mlezi, na atakayeitumia lazima iwafae watu wenyewe. Hawakuikataa akili unde, walikataa kuwa malighafi yake. Lamu ina redio, ina vijana wanaojua kompyuta, ina wazee. Saa 300 si mlima usiopandika.

Nimekuambia vugo lisiingie. Hadithi za bibi, namna alivyolelewa, bei ya samaki zamani, hayo ni ya kwake, ana haki ya kuyatoa. Nyimbo za vugo ni za wanawake wa mji. Zinaimbwa ndani ya stara, pembe ikigongwa, na zina mafumbo yanayomfunza bibi harusi mambo ambayo mwanamume hayasikii wala mtoto. Ukizitoa kwa mashine umeondoa pazia kwa dunia nzima, na hakuna mwanamke mmoja mwenye mamlaka hayo peke yake, hata awe mwimbaji bora. Hata sheria inaona hivyo: ile ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii inadai ridhaa ya jamii yenyewe, na inaipa kaunti kazi ya kuyaandikisha. Akina mama wa vugo wakikaa wakakubaliana nyimbo fulani ziandikishwe, ni heri kubwa. Waamue wao.

Lakini nawe umesema kweli: sauti isizikwe. Basi msimngoje mgeni. Mrekodini wenyewe, alasiri, feni ikiwa imezimwa, simu juu ya mto karibu na kinywa chake. Mwanzoni mtaje tarehe, jina lake, mtaa, na nani waliopo. Mwache azungumze Kiamu chake, wala msimsahihishe kwa sanifu. Wekeni nakala mbili kwenye vifaa viwili, na moja iende makumbusho hapa mjini, pamoja na karatasi inayosema nani aruhusiwe kusikiliza. Programu ya kuandika inaweza kuwasaidia kupata rasimu, mimi mwenyewe naitumia. Ila mtu anayejua Kiamu aipitie neno kwa neno, la sivyo mtakuwa na mama mwingine aliyetekwa.

Kuhusu binti yako, usimpokonye simu. Mimi watoto wanaokuja kwangu nawafanyia hivi. Nilimpa kijana mmoja wa Matondoni neno "demani", akaiuliza simu. Ikampa majira ya mwaka, jibu sahihi kabisa. Nikamwambia nenda kwa fundi wa jahazi umuulize. Akarudi ananiambia demani ni kamba ya tanga pia, ile ya upande usio wa upepo, na fundi alimpa aishike, akamwonyesha inavyofungwa, akamtajia na mataruma na mkuku, yaani mbavu na uti wa mgongo wa jahazi, bila kuombwa. Insha yake ilikuwa ya kurasa nne. Mpe binti yako neno moja kila wiki, aliulize kote kuwili, aandike pale majibu yanapoachana, na chini yake aandike jina la aliyemwambia.

Hiyo karatasi ya kijana ikifika, nipigie picha uniletee, nitaisoma nanyi mstari kwa mstari, nduguyo awepo. Na leo usiku, kabla ya hayo yote, kaa na bibi peke yenu umuulize ni nyimbo zipi hazitoki nje ya ua. Akikutajia, usizirekodi hata kwa simu yako. Jifunze kuziimba.